Kuua popo hakumalizi Marburg

Jioni popo wakikatiza juu ya soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, hakosekani wa kusema: “Wauawe wote, magonjwa yaishe.” Hofu hiyo naielewa, hasa baada ya Marburg, ugonjwa hatari wa virusi vinavyobebwa na popo, kuibuka Kagera mwaka 2023. Lakini jirani zetu Uganda walishajaribu. Wachimbaji wa mgodi wa Kitaka waliambukizwa mwaka 2007, popo wa humo wakaangamizwa. Kufikia 2012 popo wengine walikuwa wamehamia humo, na wenye virusi wakaongezeka kutoka takriban 5 hadi 13 katika kila 100. Watafiti wanahisi wageni hao hawakuwa na kinga. Tena, popo anayehifadhi Marburg hulala zaidi mapangoni. Wa kwenye miembe mara nyingi ni aina nyingine kabisa.