Aina ya shule na umri wa kuanza ngono: yanayosemwa na yaliyopimwa

"Mtoto wa maskini huanza mapema. Shule haina mkono hapo."

Hali ya nyumbani ina uzito, ila haimalizi maelezo. Malawi, wanafunzi wa sekondari walifuatiliwa kati ya 2011 na 2013, na watafiti wakatenganisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya: uwezo wa kifedha wa kwao mwanafunzi, na wastani wa uwezo huo kwa wenzake wote shuleni. Hata baada ya kuzingatia cha kwanza, pamoja na sifa nyingine za shule, waliosoma na wenzao wenye uwezo zaidi walikuwa na uwezekano mdogo wa kuanza ngono katika kipindi hicho. Maana yake, watoto wawili wa nyumba zinazolingana wakipangiwa shule tofauti, hatari yao haifanani. Huo ni mwelekeo wa wengi, lakini. Wastani wa shule haumtabiri Juma wala Asha.

"Hilo ni tatizo la wasichana."

Hapa ndipo wengi hushangaa. Katika utafiti huohuo uhusiano ulionekana kwa wavulana. Kwa wasichana haukufikia kiwango cha kuaminika kitakwimu. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba mvulana hujipima kwa wenzake wa darasani. Wakiwa wanatazamia chuo, atakuwa na cha kupoteza. Wakiwa wanaacha shule mmoja mmoja kwa kukosa ada, hana. Msichana mara nyingi hufuatwa na mtu wa nje ya shule aliyemzidi umri na mwenye pesa ya sabuni, nauli au chipsi. Huyo hayumo kwenye wastani wa darasa.

Ndiyo maana kwa wasichana fedha yenyewe ina nguvu. Wilayani Zomba, hukohuko Malawi, familia na wasichana walipewa pesa kidogo kila mwezi kuanzia 2008. Miezi 18 baadaye, kati ya waliokuwa shuleni mpango ulipoanza, wenye VVU walikuwa 1.2% kwa waliopokea na 3.0% kwa wasiopokea.

"Basi mhamishie shule ya ada kubwa."

Taratibu. Mzazi anayemudu ada hiyo kwa kawaida ndiye pia anayejua mwanawe yuko wapi saa mbili usiku, kwa hiyo sehemu ya sifa inayopewa shule ni yake. Tena jina la shule halisaidii ikiwa mtoto amepanga geto karibu nayo kwa sababu kwao ni mbali. Chumba kisicho na mtu mzima, chakula cha kujitafutia na kodi inayodaiwa ni hatari ambayo wenzake wenye uwezo hawaiondoi. Ulizia malazi kabla ya ufaulu.

"Wanafunzi wameulizwa, wamejibu, yamekwisha."

Hapana. Wakiulizwa ana kwa ana, wapo wanaosema "ndiyo" mwaka huu na "sijawahi" mwaka ujao. Waliokwisha kuanza ngono kabla ya awamu ya kwanza ya maswali lazima watolewe kwenye hesabu, la sivyo shule itabebeshwa yaliyotokea kabla haijawapokea. Kosa baya zaidi ni kuwasahau walioacha masomo katikati: mimba ni sababu mojawapo ya kuacha, na ukihesabu waliobaki tu, shule maskini itaonekana safi kuliko ilivyo.

"Somo la UKIMWI linatosha."

Magharibi mwa Kenya jambo hili lilijaribiwa kuanzia 2003 katika shule za msingi 328. Kuwafunza walimu mtaala wa UKIMWI peke yake hakukupunguza mimba. Sare za bure zilipunguza: ndani ya miaka mitatu, wasichana waliopata mimba walishuka kutoka 16% hadi 13%, kwa kuwa walibaki darasani. Na katika shule 71 kati ya hizo, wanafunzi walipoelezwa waziwazi kuwa wanaume wakubwa wana maambukizi mengi kuliko wavulana wa rika lao, mimba zilipungua kwa 28%.