Gari la rali la kuunda nyumbani: maneno ya gereji na ukweli wake

"Bila Subaru hakuna rali."

Fika gereji yoyote hapa Dodoma na wazo la kujiundia gari la rali, hili ndilo la kwanza utakaloambiwa. Subaru na Mitsubishi Lancer Evolution ni magari ya kazi, sibishi. Ila siku ukivunja gia boksi ya fowili, yaani ya gari linalovutwa na matairi yote manne, utafikiria kuuza shamba la zabibu. Toyota Starlet au Corolla ya zamani, inayovutwa na matairi ya mbele, ina mafundi kila mtaa na spea za mtumba zipo. Na gari lililotumika si aibu: Joginder Singh, dereva wa Kenya, alishinda Safari Rally mwaka 1965 na Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika mashindanoni kabla yake.

"Anza na injini."

Injini iwe ya mwisho. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake. Eksozi ya kelele haitazirudisha. Kinachoua injini huku ni vumbi: filta ya hewa ikikaa upande kidogo tu kwenye boksi lake, vumbi linapita, linasaga ringi za pistoni, na gari linaanza kula oili. Kwa hiyo paka grisi ukingo wa filta, kagua mpira unaotoka pale kwenda kwenye injini, weka bamba la kukinga sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Hela itakayobaki ipeleke kwenye shokapu na tairi.

"Keji ni mabomba tu, hata fundi mageti anaweza."

Keji ni fremu ya mabomba ndani ya gari inayowakinga waliomo likipinduka, na hapa ndipo ninapogombana na watu. Fundi mageti anaweza kuchomelea vizuri sana. Tatizo ni bomba analolijua. Bomba la maji lina mshono, halikutengenezwa kubeba gari linalobiringika, na lile lenye zinki likichomelewa hutoa moshi unaoweza kumlaza fundi na homa usiku huohuo. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinataka chuma kisicho na mshono: tao kuu, lile la nyuma ya viti, liwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0.

Tena likunjwe baridi, kwa mashine. Ile mbinu yetu ya kujaza mchanga, kuziba ncha na kupasha moto mpaka chuma kiwe chekundu haikubaliki. Kona nayo isiwe kali: nusu kipenyo cha mkunjo kisipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba.

Halafu tazama maungio yaliyo chini ya paa. Kila ungio linatakiwa kuchomelewa kuzunguka lote, lakini bomba limebanana na bati na mkono wa fundi haupiti juu yake. Wengi huchomelea upande unaoonekana, wakapiga rangi. Mafundi wenye subira hutoboa sakafu pale miguu ya keji itakapokaa, wakaishusha keji yote kidogo, wakachomelea juu kwa nafasi, kisha wakaipandisha na kuziba matundu kwa bamba la milimita 3, la angalau sentimita za mraba 120 kwa kila mguu. Kabla ya rangi, mwite mtu anayejua ukaguzi wa AAT, chama cha magari cha Tanzania, aangalie.

"Linyanyue juu, ndiyo rali."

Ukilinyanyua sana linapinduka kirahisi. Tafuta shokapu yenye safari ndefu, yaani inayoweza kubonyea na kurefuka sana, siyo gari refu.

"Ukishapata gari, gharama imekwisha."

Mikanda ya usalama ya FIA ina mwaka wa mwisho wa matumizi kwenye lebo, kama dawa ya duka. Kwa kawaida ni miaka 5. Ya mtumba utauziwa kwa bei ya kuvutia. Soma lebo kwanza, na ikiwa imekatwa, rudisha. Viti vya kiwango cha FIA 8855-1999 navyo vina miaka 5.

"Gari la rali si la barabarani."

Kati ya hatua moja ya mbio na nyingine unaendesha barabara ya kawaida, pamoja na mabasi na bodaboda, chini ya sheria zilezile. Namba, bima, honi na taa vinahitajika. Indiketa zifanye kazi kabla hujafikiria zile taa nne kubwa za mbele.