Kwaheri ya kambi huanza siku ya kwanza

Likizo ya Juni ikikaribia, vijana wa hapa Dar hunipigia simu wakitaka kujitolea kwenye kambi ya watoto walio katika malezi ya kambo. Wengi huuliza watoto watacheza nini. Mimi, kama mtu wa ustawi wa jamii, huanza na habari ya mfuko wa shangazi kaja.

Malezi ya kambo ninayoyasemea ni yale ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009: familia inampokea mtoto kwa muda, kupitia ofisi ya ustawi. Tusichanganye na baba wa kambo. Mtoto huyo ameshaona nguo zake zikishindiliwa kwenye shangazi kaja, akapandishwa gari, akashushwa kwa watu asiowajua. Sasa basi la kambi linakuja Mbagala kumchukua, na begi lake limefungwa tena. Swali lake ni moja tu: nitarudi?

Kwa hiyo jioni ya kwanza, kabla ya wimbo wowote, tunabandika ukutani karatasi ya manila yenye vyumba vitano, kimoja kwa kila siku ya kambi, na cha mwisho kimeandikwa siku, saa ya kuondoka na nani atampokea nani. Kila usiku mtoto mmoja anakata chumba kwa kalamu. Mwaka wa kwanza hatukufanya hivyo. Tuliwaandalia sherehe ya kuagana bila kuwaambia, tukidhani tunawafurahisha. Binti wa miaka tisa alijifungia chooni na begi lake, akakaa humo mpaka keki ikagawiwa yote. Ile sherehe bado inaniuma.

Marekani wana uzoefu mrefu zaidi. Kambi za Royal Family KIDS zilianza California mwaka 1985, na huwa na sherehe moja ya kuzaliwa kwa watoto wote, maana wapo ambao hawajawahi kukatiwa keki. Camp To Belong, ya mwaka 1995, inawakutanisha ndugu waliotenganishwa. Hilo la ndugu ndilo lililonigusa. Kigamboni nilimwona kaka mtu, miaka kumi na moja, anamchambulia mdogo wake samaki mwiba kwa mwiba, yeye mwenyewe hajatia tonge mdomoni. Wanaishi nyumba mbili tofauti. Mjitoleaji alitaka kumpokea ile kazi ili ale. Nikamwomba amwache.

Chakula nacho kina habari yake. Ukikuta mtoto ameficha chapati ndani ya foronya, usigombe. Weka sahani ya mihogo na ndizi mezani mchana kutwa, isikauke. Kwa kawaida siku ya tatu foronya huwa tupu.

Kuhusu usalama sina mjadala: mtu mzima hakai peke yake na mtoto faraghani, na picha za watoto haziendi mtandaoni. Mjitoleaji akiona jambo la kumtisha, anamweleza afisa ustawi au anapiga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto. Na tunaitwa dada na kaka. Mama haitwi mtu pale, kwa sababu watoto hawa wana mama zao, hata kama hawaishi nao.

Siku ya tano walezi wanatakiwa wawe kituoni nusu saa kabla ya basi. Nasisitiza hilo kuliko jambo jingine lolote. Mtoto akichungulia dirishani amwone aliyeandikwa kwenye manila, amesimama pale, saa tisa kama tulivyosema.