Noti Iliyonyamaza Haimaanishi Mvukuto Umetoboka

Wengi wanaonunua akodiani ya mtumba, wakiwamo wanaojifunza taarabu Zanzibar, huamini kwamba noti isiyolia ni dalili ya mvukuto (ule mfuko wa mikunjo unaopeleka hewa) uliotoboka. Sivyo, kwa kuwa mvukuto unaovuja hudhoofisha noti zote kwa pamoja. Katika akodiani ya piano, yaani yenye vibao kama vya piano, kila noti ina angalau vijilimi viwili, vipande vyembamba vya chuma vinavyotetemeka na kutoa sauti, kimoja hulia ukivuta mvukuto na kingine ukiusukuma. Kwa hiyo noti inayolia ukivuta na kunyamaza ukisukuma huwa, mara nyingi, na kijilimi kilichonaswa na vumbi au kutu. Nimeshuhudia, kwa masikitiko, mvukuto mzima ukibandikwa viraka, ilhali uzi mmoja wa pamba ndio uliokuwa umekaba kijilimi. Usikikwangue ovyo, maana chuma kikipungua sauti nayo hubadilika.