"Nimeshazipiga Picha": Dhana Potofu Kuhusu Hati za Kale na Kompyuta

Dhana: Hati za babu ziko kwenye simu, kwa hiyo ziko salama, na kompyuta itazisoma.

Hii nimechoka kuisikia. Wiki hii nimeletewa tena flashi yenye mamia ya picha, zote zimeitwa IMG na tarakimu. Nani alinakili? Zimetoka nyumba gani? Ukurasa upi unafuata upi? Mwenyewe hakumbuki.

Ukweli: Kompyuta haisomi Kiswahili cha herufi za Kiarabu kama inavyosoma gazeti. Katika hati za zamani irabu tatu, yaani alama za juu na chini ya herufi, zinafanya kazi ya tano: fataha ni a, kasra ni i au e, dhuma ni u au o. Herufi be inabeba b, p na mb. Andika be na te, zote kwa fataha: ni bata, pata au mbata? Anayejua mizani ya shairi na Kiamu, lahaja ya Lamu, ataamua kwa kuusikiliza ubeti mzima. Programu inakupa neno moja bila kusita, na kosa linaingia kwenye tasnifu.

Faida ya kompyuta iko kwingine. Unakuza wino uliofifia mpaka nukta ionekane. Unaweka nakala mbili za utenzi mmoja, moja ya London na moja ya Lamu, ubavu kwa ubavu, unaona mnakili alipobadilisha neno.

Nawasihi: daftari kwanza, kamera baadaye. Andika mwenye hati, mahali, vipimo kwa sentimita. Weka rula pembeni. Piga jalada, pambizo na kurasa zinazoonekana tupu, maana huko ndiko watu walikoandika vizazi na madeni. Ukurasa wa mwisho usiukose, mara nyingi una jina la mnakili na tarehe ya Hijra. Usizitume WhatsApp kama picha, zinabanwa. Zitume kama dokumenti. Weka nakala tatu, moja nje ya nyumba yako.

Dhana: Haya ni mambo ya Ulaya. Hapana. Hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zimeshawekwa kidijitali.

Dhana: Kompyuta itamwondoa mtafiti. Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, mkusanyiko mkubwa wa matini kwenye kompyuta, inakuletea mifano ya neno kwa sekunde chache; kueleza maana yake katika kila mfano ni kazi yako.

Dhana: Ukishaskani, karatasi haina kazi. Inyanyue karatasi hiyo dhidi ya mwanga wa dirisha. Chapa ya kiwanda iliyomo ndani yake, ambayo skana yako haikuiona, inaweza kukusaidia kukadiria umri wa hati isiyo na tarehe.