Dhana potofu zinazokwamisha riwaya kabla haijafika mwisho

Wengi wanaoanza kuandika riwaya hawashindwi na lugha wala hawakosi kisa. Hushindwa kufika mwisho, na mara nyingi kinachowakwamisha ni mambo waliyoyaamini kuhusu kazi hii kabla hawajaandika hata sentensi moja. Mambo hayo husemwa kwa kujiamini kiasi kwamba ni vigumu kuyahoji, ilhali karibu kila moja mwandishi anaweza kulipima mwenyewe akiwa mezani pake.

Dhana inayotangulia zote ni kwamba riwaya huandikwa pale ilhamu inaposhuka. Ilhamu ipo, na haifai kubezwa. Ndiyo inayoleta kisa, sauti ya msimulizi na pengine sura mbili tatu za mwanzo. Baada ya hapo kazi hubebwa na ratiba. Anayeandika maneno 500 kwa siku, siku 5 kwa juma, atakuwa na rasimu ya maneno 50,000 baada ya majuma 20. Anthony Trollope, mwandishi wa Uingereza aliyeacha riwaya 47, nyingi kati ya hizo akiziandika huku akiwa mtumishi wa posta, alieleza katika tawasifu yake iliyochapishwa mwaka 1883 kwamba alikuwa akiketi mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa yake ikiwa mbele yake, na kujidai maneno 250 kila robo saa. Kasi hiyo wachache wanaiweza, na sioni sababu ya kuiiga; la kuiga ni ile miadi isiyongoja moyo upende. Inasaidia pia kuiacha kazi ya siku katikati ya tukio ambalo unajua litaendeleaje, ili kesho yake usianze kwa kukodolea macho ukurasa mtupu.

Wapo wanaosema kwamba ni lazima kwanza mtu aache ajira ndipo apate nafasi ya kuandika. Lakini Toni Morrison, mwandishi wa Marekani, alitoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1970 akiwa mhariri katika shirika la uchapishaji na akilea watoto wawili.

Yenye madhara makubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni imani kwamba sura ya kwanza sharti inyooke ndipo ya pili ianze. Tuchukue mswada unaofunguka kwa binti anayerudi nyumbani kumzika baba yake na kukuta nyumba ya familia imekwisha kuuzwa. Mwandishi anaipiga msasa sura hiyo kwa miezi miwili: ami, ambaye ndiye aliyeiuza, amesimama kando ya kaburi na hathubutu kumtazama mtu usoni. Akifika sura ya tisa, wahusika wakiwa wamekomaa mikononi mwake, anatambua kwamba aliyeuza nyumba ni mama. Sasa mazishi yote yanageuka. Macho ya ami yaliyoinama si ya mkosaji tena, bali ni ya mtu anayemtunzia shemeji yake siri, na mama, ambaye katika rasimu alikuwa akilia tu pembeni, anahitaji kupewa jambo la kufanya na mikono yake wakati binti anapouliza ufunguo uko wapi. Zile aya zilizonolewa kwa miezi miwili haziwezi kubaki, na mwandishi asingeweza kuyajua haya akiwa bado anazunguka katika sura ya kwanza.

Njia iliyo salama ni kuandika pembezoni mwa ukurasa kwamba kuanzia hapa mama ndiye aliyeuza nyumba, kisha kuingia sura ya kumi kana kwamba zote zilizotangulia zimekwisha kusahihishwa. Marekebisho yangoje mpaka mwisho upatikane. Baadhi ya watu hupinga hili kwa kutaja vitabu vinavyosifiwa kuwa viliandikwa kwa mkupuo mmoja vikatoka safi, na mfano wao mkubwa ni Jack Kerouac, mwandishi wa Marekani aliyepiga taipu rasimu ya riwaya yake On the Road kwa takriban majuma matatu mwaka 1951. Kisa hicho ni cha kweli, ila hakijakamilika: alikuwa amekusanya habari zake katika madaftari kwa miaka kadhaa, na kitabu hakikuchapishwa hadi mwaka 1957, baada ya kufanyiwa mabadiliko.

Rasimu inapofika katikati na kugoma, mwandishi huhukumu kwamba wazo lake lilikuwa bovu tangu mwanzo, akalitupa na kukimbilia jingine. Wazo jipya huvutia kwa sababu lenyewe bado halijafika katikati. Mgomo huo kwa kawaida una chanzo kinachoweza kuonekana: pengine mhusika mkuu amekwisha kupata alichokitaka, au hakuna anayempinga, au matukio yanafuatana bila moja kuzaa jingine. Chukua karatasi, andika kila sura kwa sentensi moja, kisha uziunganishe. Zikiungana kwa "kwa hiyo" au "lakini", msuko uko hai. Zikikubali "halafu" peke yake, hapo ndipo palipolegea. Katika ule mswada wetu, binti anamwendea wakili, halafu anamtembelea rafiki, halafu anamwota baba yake. Ni sura tatu, na hakuna kilichobadilika. Lakini wakili akimwonyesha saini ya mama kwenye hati ya mauzo, ziara ya rafiki inakosa nafasi. Binti anakwenda usiku huohuo anakokaa mama, naye mama, kwa kuwa amekwisha kuonywa kwa simu, amemwita ami awepo. Wazo halikuwa bovu. Lilikosa sababu ya kusonga mbele.

Kuhusu ubishi wa kama mpango wa sura kwa sura unaua ubunifu au unauokoa, sitakaa sana. Wote wawili humaliza, anayepanga na asiyepanga, mradi ajue mhusika wake anataka nini na ni uamuzi gani mgumu unaomngoja mbele.

Kukata nako huogopwa bure, kana kwamba kila ukurasa unaoondolewa ni jasho lililopotea. Rasimu ya mwanzo ya Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria, ilibeba vizazi vitatu vya familia moja. Alipoona imepwaya, alibakisha habari za Okonkwo, yule babu, zikawa riwaya ya Things Fall Apart ya mwaka 1958, na habari za mjukuu zikapata kitabu chake mwaka 1960. Kwa hiyo usifute. Hamishia ulichokata kwenye faili la pekee.

Hatimaye kuna tumaini kwamba mhariri atayanyoosha yote. Mhariri mzuri husaidia sana, lakini hawezi kuamua kwa niaba yako ni nani aliyeuza nyumba. Uache mswada upumzike majuma kadhaa, kisha urekebishe kwa mizunguko: kwanza mpangilio wa matukio, baadaye kila tukio kwa undani, na sentensi ziwe za mwisho, zikisomwa kwa sauti. Ukiwapa wasomaji wachache unaowaamini, usiwaulize kama wameipenda, maana watakujibu kwa adabu. Waombe waweke alama kila mahali walipoweka mswada chini. Wawili wakiwa wameuacha kwenye ukurasa uleule, rudi kwenye ukurasa huo na uanze kutazama kuanzia kurasa tano kabla yake, hata kama sababu walizotoa hazifanani.