Ufadhili wa masomo: maana yake kwa anayesomea ualimu

Majuzi katika soko la Luanda, magharibi mwa Kenya, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, mama ninayenunua omena kwake alinipokea kwa furaha. "Mwalimu, binti yangu amepata ufadhili!" Binti ameitwa Chuo Kikuu cha Maseno, Shahada ya Elimu, Kiswahili na Historia. Nikampa hongera, kisha nikaomba nione ujumbe wenyewe. Akapangusa mikono kwa leso, akanipa simu. Kulikuwa na mistari mitatu: ufadhili, mkopo, na mchango wa familia. Yeye alikuwa ameijumlisha mistari miwili ya kwanza na kuiita yote ufadhili.

Kosa hilo si lake peke yake. Wanafunzi wangu wengi hulifanya, na baadhi hugundua wakiwa wameshahitimu.

Neno ufadhili lina shina moja na fadhila, yaani wema unaotendewa bila kudaiwa. Mtu akikukirimu maji ya kunywa njiani, hakuandikii deni. Kwa hiyo ufadhili wa masomo, tukilitumia neno kwa haki yake, ni pesa ambazo serikali, kanisa, kampuni au mtu binafsi anakulipia na hazirudi kwake. Zinaweza kuwa na masharti ya alama au mwenendo, lakini hakuna siku utakayopigiwa simu ukiulizwa utazilipa lini.

Mkopo ni jambo jingine kabisa. Unaotolewa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliyoundwa mwaka 1995, hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, na unatarajiwa kuanza kuulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Ukinyamaza, faini ya shilingi 5,000 kila mwezi huongezwa juu. Kwa mwalimu jambo hili lina uchungu wake, maana kuhitimu si kuajiriwa. Wapo waliokaa miaka wakisubiri Tume ya Huduma za Walimu, na wanaobahatika kuanza kama walimu wanagenzi wa sekondari msingi wamekuwa wakipewa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Ondoa nauli na kodi ya nyumba hapo, uone kinachobaki cha HELB.

Sasa ile mistari mitatu ya simu. Inatokana na utaratibu ulioanzishwa mwaka 2023 kwa wanaopelekwa vyuo vikuu vya umma. Mwanafunzi hujaza maelezo kuhusu mapato ya wazazi, shule aliyosoma, kama ni yatima au ana ulemavu, kisha huwekwa katika mojawapo ya makundi matano. Tuseme gharama ya kozi kwa mwaka ni shilingi 100,000. Aliye kundi la kwanza, lile la familia zenye uwezo mdogo zaidi, hupata ufadhili wa 70,000, mkopo wa 25,000, na nyumbani wanatoa 5,000. Aliye kundi la tano hupata ufadhili wa 30,000, mkopo wa 30,000, na familia inatafuta 40,000. Ni 70,000 na 30,000 hizo za kwanza tu zinazostahili jina la fadhila. Anayeona amewekwa kundi lisilo lake anaweza kukata rufaa, na ninawahimiza wafanye hivyo. Nimeona mtoto wa mjane mwenye mbuzi wawili akihesabiwa kama mtoto wa tajiri kwa sababu tu alijaza fomu haraka haraka kwenye saiba, yaani duka la intaneti.

Mpango huo, lakini, ni wa vyuo vikuu. Anayekwenda vyuo vya ualimu kama Eregi, Kaimosi au Asumbi kusomea stashahada ya ualimu wa shule za msingi hapimwi kwa makundi hayo matano. Na mzigo wake umeongezeka: cheti cha zamani cha P1 kilichukua miaka miwili, ilhali stashahada iliyochukua nafasi yake kuanzia 2021 ni ya miaka mitatu. Huo ni mwaka mzima zaidi wa karo, bila kutaja nauli na vifaa vya mazoezi ya kufundisha, vitu ambavyo watu husahau kabisa wanapopiga hesabu.

Kimbilio la wengi wao ni basari. Basari ni binamu ya ufadhili: hairudishwi, lakini ni ndogo, haina ahadi ya mwaka ujao, na huombwa upya kila inapotangazwa. Hutoka kwenye hazina ya eneobunge, NG-CDF, au kwa serikali ya kaunti kupitia wadi. Unachukua fomu, unaambatanisha barua ya kujiunga na chuo, nakala ya kitambulisho na muundo wa karo, unapata sahihi na muhuri wa chifu, kisha unasubiri kamati. Hundi huandikwa kwa jina la chuo, si lako. Basi hakikisha jina la chuo na nambari yako ya usajili havina kosa hata la herufi moja. Nilipokuwa mwanafunzi, basari yangu ya shilingi elfu tano ilitumwa chuo kingine chenye jina linalofanana na letu. Ilizunguka muhula mzima, nami nikafanya mtihani kwa kumbembeleza mhasibu.

Kuna pia pesa zinazobadilika sura. Marekani wana mpango uitwao TEACH Grant, unaompa mwanafunzi wa ualimu hadi dola 4,000 kwa mwaka. Sharti lake ni kwamba afundishe miaka minne, ndani ya minane baada ya kumaliza, katika shule ya wenye kipato kidogo na somo lenye uhaba wa walimu. Asipotimiza, fadhila yote inageuka kuwa mkopo, pamoja na riba. Ukikutana na barua yoyote yenye mkataba wa kutumikia namna hiyo, hata ya kanisa lako, isome hadi ukurasa wa mwisho kabla ya kutia sahihi. Na yule anayeomba umtumie "ada ya usajili" kwa M-Pesa ndipo akupe ufadhili, huyo mfute tu.

Mama wa omena alinisikiliza akipima mkebe wa mteja mwingine. Kisha akauliza kuhusu zile pesa za matumizi zinazoingia kwenye simu ya binti. Nikamwambia hizo nazo ni mkopo, zote. Akanyamaza kidogo.

"Basi nimpigie sasa hivi," akasema. "Alikuwa anataka kubadilisha simu."